Nguo Safi za Yasuto

Sakai, 9 Mei 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na mvua haijaangusha maua ya michungwa yako. Sisi wazima, ila mimi hasira zimenijaa hadi shingoni.

Jana watoto waligawiwa namba za ligi ya besiboli. Unajua mwenyewe, moja hadi tisa ndio wanaocheza. Yasuto wangu kapewa kumi na saba. Nimeishona mgongoni mwa shati huku nimeuma meno. Miaka mitatu, Baba! Zamu yangu kati ya akina mama ikifika nabeba birika hadi uwanjani, namwandalia Kocha Muneoka chai yake ya moto hata jua likiwaka, nampa kwa mikono miwili, natabasamu. Mwanangu yuko palepale, hachezi.

Kinachoniua zaidi ni nguo. Mama Kitabayashi, ambaye mwanawe anacheza, kutwa analalamika, "Jamani, matope ya magotini hayatoki, nimesugua hadi vidole vimechubuka!" Analalamika wapi, anaringa tu! Za Yasuto zinarudi safi kama zilivyotoka kabatini. Nazifua hivyohivyo, majirani wazione kambani.

Mwakani anaingia sekondari. Nataka nimwone akicheza besiboli mechi moja tu kabla ya hapo. Moja!

Mwanao,
Chinatsu


Uwajima, 17 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Goti lipo, linatangaza mvua kabla ya redio.

Nimesoma barua yako yote. Nimemkuta Muneoka, nimekuta chai, nimemkuta mama Kitabayashi na sabuni yake. Mjukuu wangu sijamwona. Mechi nzima anafanya nini, analala? Hebu mtazame yeye, huyo kocha achana naye.

Nimewatumia boksi la machungwa. Ole wako umpelekee Muneoka.

Baba yako


Sakai, 6 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Machungwa yamefika. Yasuto ameyashambulia kabla sijafunga mlango, asante sana. Goti je?

Umeuliza anafanya nini. Anasimama kando ya kituo cha tatu, nje ya mstari, anawapungia mikono wenzake wanaokimbia: njoo, simama, teleza! Utadhani anaelekeza lori linalorudi nyuma. Hiyo nayo ni kazi? Wanapewa wasiojua kupiga mpira.

Basi jana nilichoka. Kocha kaninyooshea kikombe bila hata kunitazama. Nikaweka birika chini. "Mwalimu, mwanangu atacheza lini?" Mama Kitabayashi akanivuta mkono, "Taratibu basi, mama Yasuto." Nikamwambia, "Niache, wewe wako anacheza." Kocha akanitazama weee, kisha akasema, "Jumapili ijayo atapiga."

Umeona? Kumbe ni kuuliza tu! Yasuto sijamwambia kitu. Nataka afurahi.

Mwanao,
Chinatsu


Sakai, 15 Juni

Baba,

Shikamoo. Hali zetu usiulize.

Alipangwa. Akazungusha gongo, likapita hewani tupu, akarudi benchi kainamisha kichwa. Zamu ya pili vilevile. Hilo ningelivumilia. Raundi ya mwisho tuko nyuma kwa pointi moja, kijana wa Kitabayashi anakuja mbio kituo cha tatu. Yasuto kashika gongo anangoja zamu yake, na pale mahali pake wamemweka mtoto mwingine, kaganda mdomo wazi. Kitabayashi hakujua asimame au aendelee. Akaendelea. Mpira ulikuwa umeshafika kituo cha nyumbani kabla yake, pointi hakuna. Tukafungwa.

Kitabayashi akapita mbele yetu anamwambia Yasuto, "Si mama yako ndiye aliyekuombea!"

Nyumbani hakula. Akasema, "Mama, pale kituo cha tatu walikuwa wananisikiliza mimi. Hata Kitabayashi." Kisha akasema, "Jumapili usije."

Ndiyo mechi yao ya mwisho, Baba! Nimeudhika na kocha, nimeudhika na yeye, na mimi mwenyewe nimejiudhi zaidi ya wote. Nifanyeje? Nikajifiche nyuma ya choo cha uwanja? Nimemwahidi siji.

Mwanao,
Chinatsu


Stesheni ya Sakai, 19 Juni

Binti yangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila nimelowa chapachapa. Ndiyo, niko hapahapa mjini kwenu, nangoja treni. Usinifokee. Nikija kwako utanigombeza hadi kesho, na goti linataka kitanda chake. Wewe ulikatazwa kwenda uwanjani, mimi hakuna aliyenikataza.

Mvua yote hii wamecheza. Kocha kamrudisha Yasuto kituo cha tatu. Raundi ya mwisho wako sare, na yule bonge wa Kitabayashi anakuja mbio, hatazami mpira, anatazama uso wa mwanao tu. Yasuto akajitupa chini kifudifudi, anapiga matope kwa viganja, "Teleza! Teleza!" Bonge akateleza. Mpira ukamponyoka mlinzi wa kituo, na Kitabayashi kalala pale hajui. Aliyeuona ni Yasuto. "Inuka! Nyumbani! Kimbia, bonge wewe!" Akakimbia. Wameshinda, Chinatsu. Nimepiga kelele mpaka watu wakanigeukia.

Baadaye nikamfuata. Hakuniuliza nimefikaje. Aliniuliza, "Mama yuko wapi?" Nikamwambia, si ulimkataza? Akasema, "Nilijua hatanisikiliza, atakuja tu." Mechi nzima nilimwona anatazama uzio, nikadhani anahesabu watu.

Barua hii anakuletea Yasuto mwenyewe, imo kwenye mfuko pamoja na nguo. Zina matope kola hadi soksi, na anaona haya kukupa. Zipokee, usimwulize kitu mpaka aanze mwenyewe.

Loweka kwanza. Matope ya uwanja wenu hayatoki kirahisi.

Baba yako