Simiti Kwenye Mkuyu

Jumatano

Na bado anajiita mtu wa mazingira! Juzi meneja wetu aliwaambia wageni kwamba ameuhifadhi mkuyu mkubwa ulio katikati ya maduka yetu hapa Bomet. Leo ameleta fundi amwage simiti mpaka kwenye shina.

“Sasa mizizi itakunywa nini?” nikamuuliza.

“Mama, wateja hawapendi matope.”

Mjinga na tai yake. Nikafunga duka langu la nguo, nikaenda kukaa juu ya mizizi. Mama Chepkoech wa viatu akaja kukaa kando yangu. Fundi akazima mashine ya kuchanganyia simiti, akaangalia pembeni asicheke. Meneja akatubembeleza tuinuke, halafu akatishia kutufukuza madukani, mwishowe akaondoka na fundi wake.

Naogopa kupoteza duka, sikatai. Lakini kesho akirudi na simiti yake, nitabeba mto wa kukalia.