Neno Lile la Kiingereza

Baraka, 14 Novemba 1956

Kaka yangu mpendwa Isidore,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Anastasie, pamoja na mtoto ambaye bado hatujamwona. Je, mvua hizi hazijawaletea homa? Sisi huku tuko wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini shambani anakwenda. Mihogo imekubali mwaka huu.

Najua utashangaa kupata barua yangu baada ya ile ya mwezi wa tano, iliyokukataza kukanyaga uwanja wa Mama. Tafadhali usiichane kabla ya kufika mwisho.

Mwezi ule tulipokea barua ya Kiingereza kutoka hospitali ya Kigoma. Mama alikataa niipeleke kwa mtu mwingine. Alisema mwanawe anasoma Kiingereza kwa Mademoiselle, yule mwalimu wa misioni, kwa nini aombe macho ya watu? Akaita bamama wa jirani waje wasikie. Neno moja, "left", lilikuwamo mara tatu. Mimi nililijua kwa maana ya kuacha tu. Maneno nisiyoyajua niliyaruka. Basi nikasoma kwa sauti kubwa kwamba Isidore ameacha kazi ya mikono, amekwenda Tabora, na mke na mtoto amewaacha. Bamama wakaguna. Mama aliona haya mbele yao, ndipo akaniamuru niandike maneno yale makali.

Mwezi wa nane, Mademoiselle alikuwa akipanga wagonjwa kwenye dispensaire, ile zahanati ya misioni. Akaniambia kwa Kiingereza, "Women, left." Mimi nikawaambia waache kungoja, wakaanza kujifunga watoto mgongoni waende zao. Mademoiselle alicheka, akanieleza kwamba neno hilo ni kuacha, ni kuondoka, ni kubaki, na tena ni kushoto. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani, nikaifungua barua ile. Mkono wako wa kushoto uliharibiwa na kamba ya meli. Wewe uliondoka kwenda Tabora ili ukatwe mkono huo. Mke na mtoto walibaki pale hospitalini, wakiomba mtu wa kwetu aje.

Kaka, hapa ndipo ubaya wangu ulipo. Kosa la kwanza lilikuwa ujinga. Lakini tangu siku ile nilijua, na miezi mitatu nikanyamaza, kwa sababu Mama alinisifu kila mahali, nami nilipenda kusifiwa. Juzi Kassimu, mchuuzi wa samaki wa Kazimia, aliniambia alikuona bandarini Kigoma. Ulipojua anapita kwetu, ulivuta shuka kufunika mkono uliokatwa.

Jana nilimwambia Mama yote. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo yetu. Aliuliza tu, "Mukono gani?" Nikasema wa kushoto. Akaacha kutwanga.

"Ule ndiyo alikuwa anakulia," akasema. "Mi nilikuwa namupiga juu ya ule mukono, eti mutoto asikule na kushoto."

Akakaa chini akalia, na sombe ikakauka kinuni. Leo asubuhi ameanza kufunga mizigo.

Jumamosi atapanda mashua ya Bwana Yunusu kuja kwenu. Barua hii inamtangulia kesho. Unisamehe ukiweza, kama huwezi sasa, nitangoja. Lakini Mama akifika, usimfiche mkono. Anataka kuushika.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na shemeji umpe pole zangu zote.

Mimi mdogo wako,
Casimir