Kingamwili ya Sungura

Glasgow, 4 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Habari za hapo Kimara, na mama anaendeleaje na presha yake? Mie sijambo, baridi tu ndiyo inanionea. Najua ukipigiwa simu husikii, masikio uliyaacha kwenye lori, basi nakuandikia hapa WhatsApp kama barua.

Umeuliza tena ninachosomea ni nini hasa, maana kanisani wakikuuliza unabaki kusema "mambo ya saratani." Haya, sikiliza. Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka Kurasini na kontena halafu unakutana na mizani? Seli ya mwili nayo ina mizani yake. Vinasaba vikikatika, kuna protini inasimama njiani kama yule ofisa wa mizani: lori halipiti mpaka litengenezwe. Asiposimama, lori bovu linapita, na huko mbele ndiko saratani inakoanzia. Mie namtafuta huyo ofisa. Kwa macho haonekani, kwa hiyo natumia kingamwili, maji kiduchu ndani ya kichupa, yametoka kwenye damu ya sungura. Inamshika yeye peke yake, na inapomshika panang'aa.

Kitabu cha utafiti nakikabidhi mwezi wa sita. Nikimaliza tu narudi. Mwambie mama nimeota ming'oko yake, vile viazi pori vya kwao.

Mwanao, Yustina

Kimara, 11 Februari 2024

Mwanangu Yustina, marahaba.

Sie huku hatujambo. Mama yako hajambo, anakusalimia sana.

Hiyo ya mizani nimeielewa hapohapo, nikaenda kumweleza Mzee Fredrick pale kanisani, akacheka mpaka akakohoa. Ila kwenye sungura umeniacha. Jamani! Sungura tangu tuko wadogo ni mwongo, kila hadithi anamdanganya fisi, leo nyie wasomi ndiye mnamfanya shahidi?

Mama yako anasema ming'oko si ya kuota, ni ya kula, na uvae soksi mbili.

Baba yako

Kimara, 19 Machi 2024

Mwanangu Yustina,

Natumaini hujambo. Sie hatujambo. Mama yako hajambo, anakusalimia sana.

Mvua zimeanza. Soma, mwanangu, usiwaze ya huku.

Baba yako

Glasgow, 20 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Poleni na mvua. Mie sijambo, nadhani.

Simu ya mama haipatikani. Nimempigia jirani yetu Demetria, asubuhi kaniambia mama kaenda sokoni, jioni kaniambia kalala, akakata haraka haraka. Yeye ambaye nikimpata haniachii!

Baba, sungura wako kweli ni mwongo. Nilichukua seli ambazo protini ile imeondolewa kabisa. Ofisa hayupo, mizani ni tupu. Palitakiwa pawe giza. Pakang'aa vilevile. Nikarudia, pakang'aa. Kumbe kingamwili ile ilikuwa ikishika kitu kingine, na picha zangu zote za miaka miwili hazifai. Profesa kasema kwa upole kwamba mwezi wa sita hautawezekana, tuanze na kingamwili nyingine. Nikasema sawa. Nikaenda nikaosha vyupa vya watu wote, hata ambavyo si zamu yangu. Nasubiri niumie, siumii.

Nina ombi moja. Muulize mama lile jina la utani alilokuwa ananiita utotoni nikiumwa malaria. Limenitoka, nami nalitaka.

Mwanao, Yustina

Kimara, 28 Aprili 2024

Mwanangu Yustina, marahaba.

Sie hatujambo. Mama yako hajambo, anakusalimia sana. Simu yake iliingia maji.

Pole sana kwa kazi yako. Nilikwambia mie kuhusu huyo sungura. Anza upya taratibu, hakuna anayekukimbiza.

Lile jina nimemuuliza. Kacheka sana, anasema hiyo ni siri yenu wawili, baba haimhusu, atakutajia mwenyewe ukija.

Baba yako

Glasgow, 29 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Sikuwahi kuwa na jina la utani. Mama aliniita Yustina. Nikiumwa Yustina, akinichapa Yustina.

Ndivyo tunavyoikagua kingamwili, baba. Unaipeleka mahali ambapo unajua hakuna kitu. Iking'aa na hapo, basi huwezi tena kuiamini popote.

Sijakasirika. Nimekaa tu maabara, glavu bado mkononi, na watu wananipita wanasema kwaheri. Niambie ni lini.

Mwanao, Yustina

Kimara, 26 Mei 2024

Yustina,

Ni tarehe mbili Machi, alfajiri. Presha ilipanda, akaanguka mlangoni, na hospitali hatukufika naye. Tulimsafirisha kwao Newala, tukamzika pembeni ya mama yake.

Ndugu walikaa kikao. Wakasema mtoto asiambiwe mpaka akabidhi kitabu, atachanganyikiwa, mama mwenyewe asingependa. Nikakubali. Watu wote tukawakataza hata kuweka picha yake kwenye status. Nikajisemea mwezi wa sita si mbali. Halafu ukaandika kwamba mwezi wa sita haupo tena. Tumekunyima kumzika mama yako kwa ajili ya kitabu, na kitabu chenyewe hakipo. Ulipouliza ni lini, nilitaka kukujibu siku ileile. Kila nikianza naandika hatujambo, nafuta.

Zile salamu za Februari zilikuwa zake kweli, alikuwa amekaa hapa anabangua korosho, na soksi ni maneno yake. Zilizofuata ni zangu. Kwa kweli nilikuwa nikiziandika nasikia nafuu, kama yuko chumbani.

Ulipouliza lile jina niliamini lipo. Nikajisemea kumbe mlikuwa na kitu chenu ambacho sikukijua miaka yote hii, na nikafurahi, mwanangu. Usiku nilikuwa nikijaribu majina kitandani, moja moja, nione lipi lingetoka mdomoni mwake.

Njoo ukiweza. Usipoweza nitaelewa.

Mie sijambo. Salamu ni za kwangu peke yangu.

Baba yako