Kikohozi cha Upokoina

Jumapili, 5 Machi 1871
Meli imekuja! Ya kwanza tangu tushushwe hapa kisiwani, miezi tisa — nyumba nne na mchanga. Imeleta magunia ya nazi, miche ya minazi, kitambaa, na Upokoina, mke mpya wa shemeji. Mrefu. Meno yote anayo. Binti yangu Tuaine alimkimbilia hata miguu haijamkauka.

Jumatano, 8 Machi
Tuaine hataki tena kula kwangu. Eti kaa wa Upokoina ni watamu zaidi. Kaa walewale, mwamba uleule!

Jumatatu, 13 Machi
Siku ya tatu analala kwao. Nimemfuata.
“Twende nyumbani.”
“Nyumbani kwako?”
Miaka minne, na anajua kuchoma. Upokoina akacheka: “Muache tu, dada. Hanisumbui.” Hanisumbui! Nimezaa watano. Wanne niliwazika kabla hatujavuka. Huyu ndiye aliyebaki.
Mume wangu, Ngametua, anasema wivu wangu ni wa kitoto. Nimefua nazi mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Alhamisi, 16 Machi
Upokoina kapaliwa na moshi wa jikoni, kakohoa. Basi. Nikaenda moja kwa moja kwa shemasi Maoate, mkubwa wetu hapa. Nikamwambia anatema damu. Nimeiona kwa macho yangu, nikasema. Ulimi haukukwama hata kidogo.

Ijumaa, 17 Machi
Imeamuliwa. Anapelekwa kile kisiwa kidogo cha ng'ambo, akae huko mpaka meli irudi. Kisima hakuna kule. Shemeji amelia mbele ya watu. Mimi nilikuwa nafagia — Mungu anisamehe, nilikuwa naimba.

Jumamosi, 18 Machi
Asubuhi, Maoate mlangoni.
“Na mtoto pia.”
“Mtoto yupi?”
“Tuaine. Kala naye, kalala naye. Siwezi kuzika kijiji kizima, mama.”
Ngametua akamwangukia miguuni. Mimi nikasimama kama gogo.
Sasa wanapakia mtumbwi. Vibuyu sita vya maji. Sita tu! Tuaine kakaa mapajani kwa Upokoina, anacheka, anadhani ni matembezi. Shemasi ameniuliza tena, watu wote wakisikia: “Tepaeru, hiyo damu uliiona?” Nikasema ngoja, nifuate shuka ya mtoto.
Shuka ninayo mapajani. Nimekaa, naandika. Ngametua ananiita mara ya pili —