Kifaransa cha Mdomo na Ungo wa Mchele

Jumapili, Kasongo. Mvua imekatika baada ya adhuhuri na uani bado kuna madimbwi. Nina furaha, na naona haya kidogo kuwa nayo, kwa sababu jana nilikuwa mtu wa kulia.

Keshokutwa, Jumanne, mkaguzi Mbelgiji anakuja shuleni kutusikiliza Kifaransa cha mdomo, mmoja mmoja. Atakayefaulu atakwenda shule ya walimu, mbali, ng'ambo ya Lualaba. Atakayeshindwa, basi. Kwangu mimi hilo "basi" maana yake ni kurudi Lusangi kwa wazazi wangu na kupewa shamba la pamba ya serikali, maana mwanamume asiye shuleni halikwepi.

Sitaki. Naliandika hapa kwa kuwa mbele ya Baba siwezi kulisema.

Miezi yote hii nimejiandaa kwa msaada wa Shangazi Zaina, dada yake Baba, ambaye ninakaa kwake hapa mjini. Shangazi hana Kifaransa hata cha kuombea maji. Lakini ni mwalimu wa chuo. Kila asubuhi watoto wa mtaa wanajaa barazani kwake na mbao zao, kujifunza Kurani, naye amewasikiliza watoto miaka mingi mno. Jioni nilikuwa namsomea somo langu la shamba la Ubelgiji, lenye ng'ombe, ghala, na theluji juu ya paa, naye akalishika kwa sikio tu. Nikibadilisha neno moja ananisimamisha: "Hapana, Ramazani. Jana haikukuwa vile." Nikifungua kitabu nakuta ni kweli.

Siku moja aliniuliza kama hiyo theluji inalimwa ama inaota yenyewe. Nilipomwambia inaanguka kutoka juu, alinitazama kama mtu anayedanganywa mchana kweupe.

Basi jana Mwalimu Gabrieli alitufanyia jaribio. Nilisimama mbele ya darasa, nikafumba macho, nikaanza. Kumbe nilikuwa nayumba mbele na nyuma. Kumbe nilikuwa naghani, navuta mwisho wa kila sentensi kama watoto wa barazani kwa Shangazi! Ng'ombe, ghala, theluji, vyote kwa mahadhi ya chuoni. Darasa likaangua kicheko. Waislamu wenzangu ndio waliocheka zaidi, maana wao waliyajua mahadhi yale tangu utotoni.

Mwalimu hakucheka. Alinikata katikati, akaniuliza kwa Kifaransa ng'ombe wako wangapi. Nikarudi mwanzo wa somo. Akauliza tena. Nikarudi mwanzo tena, kwa kuwa sikujua pa kuingilia pengine.

"Weye maneno yote uko nayo," akaniambia kwa Kiswahili. "Lakini huyu Muzungu hatakuacha ufike mwisho. Atakukata vile mimi nimekukata. Ukirudi mwanzo mbele yake, umekwisha."

Niungame jambo moja. Njiani nilimlaumu Shangazi. Nilipofika nyumbani nikamwambia kichwa kinaniuma, sitasoma. Akanichemshia mchaichai, akakaa karibu yangu mpaka nikaumaliza. Nikanywa dawa ya ugonjwa ambao sikuwa nao, na kila funda lilinisuta.

Leo tulipomaliza kula nilishindwa kuvumilia. Nikamweleza yote, pamoja na kicheko cha darasa, pamoja na uongo wa kichwa. Nilidhani atahuzunika. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. Kisha akasema watoto wake nao wana ugonjwa huohuo, ukiwakata wanakimbilia mwanzo, na yeye hajawahi kushindwa kuwaponya.

Akaleta ungo wa mchele ambao haujachaguliwa mawe, akaniwekea mapajani.

"Chagua, na huku unasema," akaniambia. "Mie nitakuuliza na Kiswahili, weye unijibu na kile Kifaransa chako. Na usiniletee ile shamba ya Wabelgiji. Sema ya hapa."

Nikiyumba, mchele unamwagika. Nikifumba macho, mawe yanabaki. Hakuna ujanja mwingine.

Mara ya kwanza ulimwagika, kuku wakasherehekea. Mara ya pili pia. Shangazi hakungoja nikusanye mawazo. Nani aliulima mchele huu? Mama yako anaamka saa ngapi? Kwa nini mwaka jana mto ulikataza watu kuvuka? Akinisikia naanza kughani, ananipiga goti kwa kidole na kuuliza jambo jingine kabisa. Nilihangaika kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda, lakini maneno yalikuwepo. Yalikuwa yaleyale ya shamba la Ubelgiji, ila sasa nayapeleka Lusangi.

Nikapata kiburi kidogo. Nikamwambia kwa Kifaransa kwamba shangazi yangu ni mkali kuliko mkaguzi yeyote na samaki wake huzidi chumvi. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaribia kumwaga tena.

Mchele ulipokaribia kwisha akaniuliza, kwa utani uleule: "Na ukipita, nani atanichagulia muchele?"

Mikono yangu ikasimama. Shangazi hana mtoto. Wale wa asubuhi wanarudi kwao jua likipanda, na mimi ndiye ninayebaki. Jibu la Kifaransa nilikuwa nalo, neno moja fupi la kusema "hakuna mtu", na sikutaka litoke mdomoni mwangu. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nitamwandikia barua kila mwezi, kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha mwenyewe, ili asihitaji mtu wa kumsomea.

"Utaandika," akasema. "Lakini kwanza upite."

Akachukua ungo, akaenda kuosha mchele.

Sasa anapika, nami ninaandika haya mlangoni kukiwa bado na mwanga. Nataka kufaulu Jumanne, nataka sana, na kwa mara ya kwanza naamini ninaweza. Mpaka leo mchana nilikuwa naogopa kushindwa tu. Sasa naogopa na kufaulu pia.