Ng'ombe Arobaini Ndani ya Kioo

Jumatatu, 5 Septemba 1988

Kompyuta imekwama tena. Kioo cheusi, kimya, kama hakuna lililotokea. Mzee Arero wa Merti ndiye aliyekuwa anacheza. Aliinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa – mimi sikushika kitu! Nikamwambia najua, mzee. Kusema kweli sijui chochote.

Wacha niandike vizuri, labda nitaelewa. Mradi wetu wa mifugo umeletewa kompyuta pamoja na mchezo wa malisho. Mchezaji anapewa ng'ombe arobaini, visima kadhaa na mwaka wa ukame, halafu aone kama atafika mvua na mifugo hai. Wazee wa Merti, Waborana, na wa Kipsing, Waturkana kama mimi, wakae pamoja, wacheze, wajifunze kugawana nyasi bila kurushiana maneno. Hilo ndilo lengo, limeandikwa kwa Kiingereza kizuri. Mpaka leo hakuna aliyefika mvua. Mashine inakufa kabla ya ng'ombe.

Wageni wa makao makuu wanakuja tarehe 22. Mchezo ukifanya kazi, kompyuta inabaki Isiolo na mimi nabaki nayo. Usipofanya kazi, inapelekwa Embu, na mimi narudi kwa taipureta kupiga barua za Bwana Kanchoro za kuomba dizeli. Nimezipiga tangu nilipoajiriwa. Sitaki tena! Nimesema.

Jumatano, 7 Septemba

Leo imekwama hata mikononi mwangu. Kisima cha kwanza tu – giza.

Bwana Kanchoro anasema shida ni wazee, wanaogopa umeme. Yeye ni mtoto wa Merti, ana digrii, na ndiye mkubwa wetu. Kompyuta yenyewe hajaigusa. Anasimama mlangoni akiitazama, mikono nyuma.

Nimempigia simu Jonah, yule kijana wa Nairobi aliyeutunga mchezo. Laini ilikuwa inakoroma. Anasema ndani ya mchezo ameweka askari. Si mtu – ni sehemu ya programu inayolinda. Walipoujaribu kwingine, wachezaji waligundua njia ya kujiongezea ng'ombe, kwa hivyo askari akinusa udanganyifu anasimamisha kila kitu. Nikamuuliza, mimi nimedanganya nini? Akauliza kama kuna taa nyekundu inawaka mbele ya sanduku. Inawaka. Chini yake kitufe kimeandikwa TURBO.

Hirbo, dereva wetu, alikibonyeza siku ile ile kompyuta ilipofika. Turbo ni nguvu, alisema, lori lisilo na turbo halifiki Merti likiwa na mzigo. Tukakubali. Nani atazima nguvu?

Jonah anasema mchezo ulitungwa kwa mwendo wa polepole. Turbo ikiwaka, askari anaona mambo yanakwenda mbio kuliko mkono wa binadamu, anadhani kuna mtu anachezea programu kwa ndani. Anafunga duka.

Nimezima. Hirbo amekasirika – sasa umeiwekea gia ya kwanza! Lakini nimecheza mpaka mvua. MPAKA MVUA! Nikapiga makofi peke yangu ofisini. Halafu nikaona aibu kidogo, nikapanga karatasi.

Ijumaa, 9 Septemba

Sina furaha tena. Wazee walikuja baada ya swala. Mzee Arero akacheza – kisima cha pili, giza. Mzee Ekeno wa Kipsing akacheza – giza. Nikacheza mimi – mvua. Mzee Arero tena – giza.

Turbo imezimwa, nimeangalia mara nyingi. Nimefunika kitufe na plasta ya kidonda, Hirbo asijaribiwe.

Bwana Kanchoro: si nilisema? Wazee.

Nimebadilisha waya. Nimehamisha birika ya chai kwa soketi nyingine. Nimepanguza disketi na kanga safi. Mzee Ekeno alikuwa ananitazama, akaniuliza kwa Kiturkana kama hiyo kitu ni mgonjwa. Nikamwambia ndiyo. Akasema apewe supu.

Jumanne, 13 Septemba

Nimejua!!!

Leo nimevuta kiti nikakaa kando ya Mzee Arero, si nyuma yake. Alicheza vizuri sana, kuliko mimi. Alihamisha ng'ombe kabla kisima hakijakauka, aliacha nyasi za mto kwa ajili ya baadaye. Halafu mashine ikauliza kama inavyouliza kila msimu: UNA NG'OMBE WANGAPI? Nikamsomea swali, kama kila mara. Jibu lilikuwa thelathini na nane. Wawili walikuwa wamekufa, tuliwaona sote wakifa.

Akabonyeza tisa.

Giza.

– Mzee, mbona tisa?
– Iko kidogo tu.
– Lakini mashine imekupatia arobaini. Umeona.
– Nimeona.
– Sasa?

Akaangalia mlangoni, ambapo Hirbo na watu wengine wawili walikuwa wamesimama. Akashusha sauti.

– Wewe msichana, nani amekutuma? Mtu anahesabu ng'ombe yake mbele ya watu?
– Si ng'ombe wa kweli, mzee. Ni wa kioo.
– Ya kioo inakufa. Wewe mwenyewe umeona mbili imekufa. Kitu inakufa, inaweza kupata jicho baya.

Nikaizima mashine, nikaiwasha upya.

Na Mzee Ekeno je? Nikamuuliza alikuwa anajibu nini. Alikuwa anabonyeza sifuri. Anasema alipoulizwa alifikiri ni serikali.

Nilicheka mpaka machozi. Baba yangu, ukimuuliza mbuzi wake ni wangapi, atakuambia "wako" na abadilishe habari. Nimelijua hilo tangu sijaota meno. Mimi nilikuwa naijibu mashine kwa sababu nilidhani ni mtihani, na mtihani hujibiwa kweli. Shule hiyo.

Alhamisi, 15 Septemba

Simu kwa Jonah. Nimemweleza pole pole. Akauliza: kwa hivyo wanadanganya? Nikasema hapana, hawasemi tu. Akasema kwa askari hiyo ni kitu kimoja. Kumwondoa askari hawezi, wakubwa wake wanamtaka. Lakini atamrekebisha awe mpole, atoe onyo kwanza kabla ya kufunga. Disketi itakuja na basi.

Mpole. Tutaona.

Jumatatu, 19 Septemba

Disketi mpya. Mzee Arero akabonyeza tisa. Kengele ikalia, ofisi nzima ikageuka, na kwenye kioo, kwa herufi kubwa: MCHEZAJI ANADANGANYA.

Hasomi. Akauliza imesema nini. Mimi mdomo ulikauka. Hirbo, mdomo wake haukauki kamwe, akamtafsiria kwa Kiborana.

Mzee Arero akasimama. Akachukua fimbo yake, akaniambia bila hasira hata kidogo – hiyo ndiyo imeniuma – kwamba umri wake wote hakuna mtu amemwita mwongo, na leo ameitwa na sanduku. Akatoka. Mzee Ekeno akamfuata. Walikuwa hawajawahi kutoka mahali pamoja, hao wawili.

Nimelia chooni. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 20 Septemba

Nimemfuata Mzee Arero kwenye soko la mifugo. Nimemwomba msamaha kwa niaba ya sanduku. Alinikalisha, akaagiza chai, akaniacha ninywe nusu ndipo akasema amesikia.

Nikamwambia nina shauri. Nyumbani, kijana anayechunga anajua kama kuna mmoja amepotea, na mwenye mali hajataja idadi. Basi mimi niwe mchungaji wako. Wewe cheza, swali likija, geuka utazame mlango. Nitabonyeza mimi. Wewe hujasema, hujahesabu, hujaona.

Akafikiri. Akasema: mchungaji mwanamke, tena Mturkana. Nikasema ndiyo. Akasema hata kwa kioo hii ni taabu. Lakini alikuwa anacheka!

Mchana wamekuja wote wawili. Mzee Arero kafika mvua. Mzee Ekeno kafika mvua. Kengele kimya. Wakaanza kubishana ni nani aliacha nyasi nyingi zaidi, halafu wakakubaliana kisima cha katikati kisifunguliwe mapema. Wamekubaliana! Hilo ndilo lengo, lile la Kiingereza kizuri, na limetokea mbele ya macho yangu.

Bwana Kanchoro akafika mwishoni. Akaona kidole changu kikibonyeza. Anasema hapana. Mbele ya wageni kila mtu atabonyeza mwenyewe, hatutaonyesha ushirikina. Nikajaribu kueleza. Akasema, Teresia, hii ni 1988.

Alhamisi, 22 Septemba

Naandika nikiwa kiti cha nyuma ofisini. Bwana Kanchoro anadhani ni kumbukumbu za mkutano.

Wageni ni watatu. Mwenye kuamua ni yule mama wa miwani. Ofisi imejaa. Wazee wa Merti upande mmoja, wa Kipsing upande mwingine, na mbele kabisa baba mkwe wa Bwana Kanchoro mwenyewe, amekuja na kanzu nyeupe.

Bwana Kanchoro ameeleza mradi. Ameeleza vizuri. Amesema kulikuwa na tatizo dogo la wazee kuficha idadi, imani za zamani, lakini sasa limekwisha. Akamwita Mzee Arero acheze. Mzee Arero akasema magoti yanamuuma. Akamwita Mzee Ekeno. Magoti pia.

Mama wa miwani akatabasamu. Akasema basi bwana ofisa atuonyeshe yeye, hana imani za zamani.

Ameketi. Ni mara yake ya kwanza kuigusa. Anacheza kwa kidole kimoja, lakini si vibaya. Damu ya Merti inajua maji yako wapi. Hakuna aliyekufa mpaka sasa. Wazee wamesogea, wote wamemwinamia mabegani, wanaona kila kitu.

Swali limekuja. UNA NG'OMBE WANGAPI?

Anajua jibu. Sote tunalijua, wako pale kwenye kioo wanakula nyasi.

Baba mkwe wake amekohoa.

Bwana Kanchoro amebonyeza nne. Akaishia hapo. Kidole kiko juu ya sifuri, hakishuki. Mama wa miwani anauliza kama imekwama. Bwana Kanchoro anasema hapana, haijakwama. Sikio lake limeng'aa jasho.

Amegeuka. Ananitafuta kati ya watu.

– Teresia. Hii inauliza ng'ombe ya nani?

Wazee wote wamegeukia mlangoni, wanatazama nje, kana kwamba kuna gari limefika. Hakuna gari. Mama wa miwani amekunja mikono, ananitazama mimi. Naweka kalamu chini. Mchungaji ameitwa.