Bi Mwanasha na Nazi Nne

Dada Zuhura,

Shikamoo kutoka mashambani, nyuma ya mtaa wa Shika Adabu. Jua la Machi linanichoma mimi na kamera yangu ya kujifunzia.

Jana nilimwomba mwenyeji wangu, Bi Mwanasha, nimpige picha akikuna nazi. "Na leso hii ya jikoni? Wallahi hunipigi! Hebu kaa ukune wewe, mimi nikavae."

Alivaa saa nzima. Nilikuna nazi nne. Alipotoka na dhahabu zake na kuniona nimejaa chembe za nazi hadi kwenye ndevu, alicheka, akachukua kamera akanipiga mimi.

Ndiyo picha nzuri pekee ya safari hii. Nimeichapisha nyuma ya kadi hii; igeuze uione. Mola akupe afya, dada yangu, na ukishaiona picha, uifiche. Miaka sita namwambia mke wangu sijui kukuna nazi.

Nduguyo,
Athumani